Kifua Kiitwe Kifua

Nedialka alikuwa mkataji. Ukimwita mshonaji hakasiriki, lakini anakurekebisha palepale. Katika kiwanda cha nguo cha mji wetu wa Borova walikuwapo washonaji mia na kitu, wapiga pasi thelathini, na wakataji watatu tu, na katika hao watatu yeye ndiye aliyekabidhiwa vitambaa vya bei kali. Alikuwa anatazama mtu akipita mlangoni, anasema, "Saizi arobaini na nane, bega la kulia limeshuka," na ukimpima unakuta ni kweli.

Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na mkasi wake mkubwa, ameuzungushia taulo kama mtoto mchanga. Tangu hapo chumba chake cha mbele kikawa ndiyo kiwanda. Alishona magauni ya arusi, makoti ya wajane, na zaidi ya yote mavazi ya kikundi chetu cha ngoma. Mimi ni jirani yake, nilikuwa karani wa posta hadi nilipostaafu, na kahawa ya asubuhi tunakunywa pamoja tangu waume zetu wakiwa na nywele.

Jambo moja alikuwa halisemi sana. Alipokuwa na miaka kumi na minne alitaka kwenda shule ya hesabu kule Plovdiv, mji mkubwa. Mwalimu wake alipanda mlima mara mbili kuja kumwombea. Baba yake alimkaribisha yule mwalimu, akampakulia supu ya maharage, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasema kondoo wake hawajawahi kudai wahesabiwe na mtu wa Plovdiv. Basi, ikaishia hapo. Nedialka akaingia kiwandani.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza, lilipobandikwa tangazo kwenye mlango wa nyumba ya kusomea, yenye maktaba chini na ukumbi wa ngoma juu, kwamba kutakuwa na mafunzo ya bure ya kuandika programu za kompyuta kwa waliovuka miaka hamsini, mimi nililisoma nikapita. Yeye alilisoma akasimama pale kwenye theluji mpaka nikarudi kumvuta mkono.

"Shoga, tunaenda," akasema.

"Tunaenda wapi? Mimi hata simu yangu inanishinda."

"Wewe utaenda kuota moto. Wana jiko zuri. Mimi nitaenda kujifunza."

Tulikuwa wanane. Mwalimu wetu, Biliana, alikuwa na miaka ishirini na sita, ndiye pia aliyetunza maktaba, na alikuwa na uvumilivu wa ng'ombe wa maziwa. Lugha aliyotufundisha inaitwa Python, yaani chatu, na habari hiyo ilipomfikia Rusi, mume wa Nedialka, aliipeleka moja kwa moja kwenye meza yake ya kilabuni.

"Mke wangu anasomea nyoka," akawatangazia. "Akianza kutema sumu mtanipa ushahidi."

Nedialka aliposimuliwa hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani. "Chatu hana sumu, mzee. Chatu hukaba. Na wewe shingo unayo."

Somo la kwanza lilihusu kigeu. Biliana alisema, "Kigeu ni jina unalolibandika kwenye kitu ili uweze kukiita tena. Ukiandika *umri = 61*, basi popote utakapoandika *umri*, kompyuta itajua unasema sitini na moja."

"Na mwakani?" Nedialka akauliza.

"Mwakani unaandika *umri = 62*. Jina ni lilelile, kilichomo ndani kimegeuka. Ndiyo maana tunakiita kigeu."

"Afadhali chenyewe kinageuka. Rusi yuko vilevile tangu tuoane."

Akaanza kuandika. Aliandika *upana wa mabega = 41*, na kompyuta ikamrushia maandishi mekundu. Jina halitaki nafasi katikati, Biliana akamweleza. Maneno huunganishwa kwa kistari cha chini. Nedialka akakitazama kile kistari kwa muda. "Kumbe ni mshono tu," akasema, akaunganisha. Kisha akaandika *1kifua*, wekundu tena: jina halianzi na tarakimu. Kisha akaandika *Kifua* juu na *kifua* chini, wekundu mara ya tatu.

"Shangazi, kwa kompyuta herufi kubwa na herufi ndogo ni watu wawili tofauti," Biliana akasema.

"Ina kiburi hii!"

Lakini alikuwa anacheka. Nilimjua tangu tukiwa na mikia ya nywele na sikuwa nimewahi kumwona akikosolewa mara tatu kwa saa moja na bado anacheka. Siku ile tulipotoka aliteremka ngazi huku akisema peke yake, "Mshono, herufi ndogo, tarakimu nyuma," kama mtu aliyetumwa dukani akiogopa kusahau.

Wiki ya tatu alikuwa tayari ana programu yake mwenyewe. Kikundi cha ngoma kilikuwa kimemwagiza mavazi thelathini na mawili kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi, tarehe sita ya mwezi wa tano, na kila mchezaji ana vipimo tisa. Alitaka kompyuta impe upana wa kila kipande cha kukata badala ya kukesha na penseli. Wazo lilikuwa zuri sana hata Biliana akaomba ruhusa kulionyesha darasa zima, akaunganisha kile chombo cha kurushia picha, na programu ya Nedialka ikatokea ukutani, kubwa kama pazia.

Hapo ndipo sote tulipoona majina aliyoyatumia. Kwa vile Biliana alikuwa amesema jina linapaswa kukukumbusha kilichomo, Nedialka alikuwa amechagua vitu anavyovikumbuka vizuri zaidi duniani, yaani watu wa mjini. Kifua kilikuwa *tinko*, kwa heshima ya Tinko, kiongozi wa ngoma, ambaye ana kifua kama pipa la kabichi. Kihesabu kinachoanzia sifuri kilikuwa *rusi = 0*. Na nyonga zilikuwa *stanka = 118*.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Stanka mwenyewe. Stanka ndiye anayetunza jengo, na siku ile alikuwa ametuletea sinia la banitsa, mkate wa matabaka uliookwa na jibini, bado inatoa mvuke. Akasimama katikati ya chumba, akasoma ukuta kutoka juu mpaka chini.

"Mia na kumi na nane?" Stanka akasema. "Nani kakwambia mia na kumi na nane?"

"Stanka, dada yangu, hiyo ni namna tu ya..."

"Ni mia na kumi na sita! Nimefunga tangu Krismasi!"

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Biliana alijificha nyuma ya kompyuta. Stanka aligawa banitsa kwa watu saba, kipande kwa kipande, polepole, akimruka Nedialka kila anapopita mbele yake. Kilipobaki kipande kimoja cha pembeni, kilichoiva vizuri kuliko vyote, akamwekea mkononi. "Kula," akasema. "Na wewe uongeze nyonga zako tuziandike."

Walipatana palepale. Lakini Nedialka aliona haya kuliko alivyoonyesha, na jioni ileile alifuta majina yote ya watu. Ili asimkwaze mtu tena, akaweka x1, x2, x3, mpaka x9. Biliana hakuona, kwa sababu asubuhi ya pili alipigiwa simu kwamba dada yake kajifungua pacha huko Plovdiv, akaenda kumsaidia, masomo yakasimama kwa wiki tatu.

Katika wiki hizo kitambaa kikafika. Kilikuwa sufu ya kahawia iliyoiva, imefumwa kwa mkono na bibi wanne wa vijiji vya juu, majira yote ya baridi, na kilikuwa kimetosha tu vizibao vya wanaume. Hakikuwa na nyongeza wala ndugu yake mahali popote.

Nedialka akaamua kuanza na vizibao vya wanaume wanane. Akafungua programu, na pale mbele yake zikasimama x tisa, zote zinafanana kama kunguru kwenye waya. Ipi ni kifua? Alifikiri kidogo. Kule kiwandani, kwenye kadi ya kila mteja, mstari wa nne ulikuwa kifua siku zote, miaka ishirini na mbili. Basi x4. Akaiambia programu ichukue x4, iongeze sentimita nane za kupumulia, impe upana. Ikampa. Akachora kwa chaki, akakata vizibao vyote vinane asubuhi moja, akiimba.

Jumamosi mchana wachezaji walikuja kujaribu, jukwaani, juu ya maktaba. Nilikuwapo, nikishika pini.

Wa kwanza kuvaa alikuwa Ognian, kijana wa mita moja na tisini na nne, mwembamba kama ufito wa maharage. Kizibao kilimzunguka, kikajikunja, na bado kikabaki kingine. Akashika pembe mbili akazitandaza kama popo.

"Shangazi Nedialka, hiki ni cha kucheza au cha kurukia kutoka mlimani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Wakavaa na wao, na warefu wote wakaonekana kama wamekopa nguo za babu zao. Kisha akaja Tinko. Tinko ni mfupi, na kifua chake nimeshakitaja. Alivuta upande wa kulia, akavuta wa kushoto, akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akawa mwekundu kama pilipili ya vuli, na kingo mbili za kizibao bado ziliachana zaidi ya shubiri.

"Vizuri," Tinko akasema kwa sauti nyembamba. "Nitacheza bila kupumua."

Watu wakacheka zaidi. Nedialka hakucheka. Alikuwa mweupe kama chaki yake. Akaketi kwenye ukingo wa jukwaa, mkono juu ya mdomo, na nikajua anakiona kile kitambaa, na wale bibi wanne, na yule msichana wa miaka kumi na minne. Nikaenda kukaa kando yake.

"Mkono wangu uliniambia," akasema chini chini. "Nilipochora cha Ognian, mkono ulisita. Nikajua mtoto huyu hana upana huu. Nikasema, nyamaza wewe, mashine imesoma kuliko wewe."

"Ni vitambaa tu, Nedialka."

Alikuwa anawatazama wachezaji. Anamtazama Ognian, anamtazama Tinko, anarudi kwa Ognian, na polepole niliona sura yake ikibadilika, ikawa ile sura yake ya zamani ya kumpima kwa jicho mtu anayepita mlangoni.

"Warefu wamepata vipana," akasema. "Mfupi amepata chembamba. Unene haukuulizwa kabisa." Akasimama ghafla, akatoa futi shingoni. "Ognian! Simama wima, wacha kupepea."

Akampima kutoka kiunoni hadi kisiginoni. Mia na kumi na nne. Akakipima kizibao. Mia na ishirini na mbili.

"Mia na kumi na nne, ongeza nane za kupumulia," akasema, sauti ikipanda. "Tinko, njoo, mguu wako!" Mguu wa Tinko ulikuwa tisini na nne, na kizibao chake mia na mbili. Nedialka akatupa futi juu. "Nimewakatia miguu! Jamani, x4 ni urefu wa mguu! Nimewavisha miguu yenu vifuani!"

Kwa kweli alikuwa anafurahi. Amekosea vizibao vinane vya sufu isiyo na ndugu, na anarukaruka jukwaani kama aliyeshinda bahati nasibu, kwa sababu amelijua kosa, na amelijua mwenyewe. Furaha ile ilikuambukiza hata kama hukutaka. Ognian alianza kupiga makofi.

Halafu akakumbuka, akasimama. "Lakini kitambaa, Tinko. Nimekimaliza kitambaa."

Tinko alikuwa bado amekishika kizibao chake kwa vidole viwili kila upande. Ni mtu anayefuga nyuki, hana haraka. "Hujakimaliza," akasema. "Kitambaa chote kiko humu humu. Kimehamia tu kwa wasiokihitaji."

Nedialka akamwangalia. Akamwangalia Ognian na mabawa yake. Akaufuata mkasi.

Wiki ile alipunguza vile vipana kila upande, na vile vipande virefu alivyovitoa akavitia kwenye cha Tinko chini ya makwapa, viwili kwa viwili, na juu ya kila mshono akapitisha uzi mzito mweusi wa kusokota ili kiraka kisionekane kiraka. Kitambaa kikabaki hata cha mifuko.

Biliana aliporudi kutoka Plovdiv, ana macho yaliyovimba kwa kukesha na picha mia mbili za pacha, Nedialka alimsimulia yote bila kuficha. Biliana alisikiliza, mara anacheka, mara anashika kichwa.

"Ni kosa langu, Shangazi. Niliwaambia jina likukumbushe kitu. Ningesema jina liseme kilichomo. Lisomwe na mtu yeyote, hata asiyemjua Stanka. Hata wewe mwenyewe baada ya wiki tatu, maana baada ya wiki tatu wewe ni mtu mwingine."

"Basi kifua kiitwe nini?" nikauliza mimi, maana nilikuwa nimezoea kuuliza kuliko kuandika.

"Kifua kiitwe kifua," Nedialka akasema, na hakungoja kuambiwa.

Wakakaa wawili kubadilisha majina yote, moja baada ya jingine. *kifua*, *kiuno*, *nyonga*, *urefu_wa_mguu*, *urefu_wa_mkono*. Zile sentimita nane za kupumulia, zilizokuwa zimejificha kama tarakimu tupu, nazo zikapewa jina lake: *nafasi_ya_kupumua*. Nedialka alinogewa. Nikamwona anaandika *upana_wa_mgongo_kati_ya_mabega_mawili*.

"Mabega ni mawili siku zote, Shangazi," Biliana akasema.

"Hujawahi kumshonea mkwe wa Stanka."

"Futa."

"*upana_wa_mgongo*?"

"Hapo sawa. Refu la kutosha kueleweka, fupi la kutosha kuandikwa."

Alhamisi iliyofuata Biliana alikuwa na kazi wilayani, na Nedialka akaja kwangu na kompyuta aliyoazima, amekasirika. Alikuwa ameongeza hesabu ya magauni ya wanawake, na programu imegoma. Ilisema jina *kifua* halijulikani.

"Haijulikani vipi?" akapiga meza. "Hii hapa! Juu kabisa! Nimeiandika, tazama, k-i-f-u-a. Na hapa chini k-i-f-u-a. Inaona au haioni?"

Nikavaa miwani. Niliyasoma majina yote mawili mara tano. Yalikuwa sawa kabisa, herufi kwa herufi, yote madogo, hakuna nafasi, hakuna tarakimu. Tulizima tukawasha. Tulikunywa chai. Tukampigia Biliana, simu haipatikani. Nikasema labda mashine imechoka, nikatazamwa vibaya.

"Mashine haichoki. Nimekosea mimi, na nitaona wapi." Akavuta kiti karibu. "Ukitafuta neno kwenye maandishi marefu, unafanyaje? Biliana alituonyesha. Kuna kile kisanduku cha kutafuta."

Akakifungua, akaandika *kifua*, na kila mahali jina lilipokuwa likapakwa manjano. Tukahesabu pamoja kwa kidole. Moja juu, mbili, tatu, nne. Moja ya chini, ile kwenye hesabu ya magauni, ikabaki nyeupe.

"Hii haimo," nikasema.

"Hii haimo! Kwa macho yangu ni kifua, kwa kompyuta siyo." Akaikodolea macho. "Kuna kitu humu ndani. Jana nilikuwa ninaandika mstari huu, nikafika katikati, Rusi akanitumia ujumbe kuuliza chumvi iko wapi, nikamjibu humu humu kwenye kompyuta, nikarudi..." Kisha akajipiga paji la uso. "Nikamjibu kwa herufi zetu!"

Nikaelewa na mimi. Programu tunaandika kwa herufi za Kilatini, na barua zetu tunaandika kwa herufi zetu wenyewe, na kwenye kibodi unabonyeza kitufe kimoja kuhama. Na *a* yetu na *a* ya Kilatini hufanana kama pacha wa dada yake Biliana. Mama mzazi mwenyewe angewachanganya. Alikuwa amerudi kumalizia *kifua* na herufi ya mwisho ikatoka ya kwetu. Macho yetu yaliiona *a*. Kompyuta iliona mgeni.

Aliifuta ile herufi moja. Akabonyeza kitufe cha kuhama. Akaandika *a* nyingine, isiyo na tofauti yoyote ambayo mwanadamu angeiona. Akaamuru programu iende.

Namba zikateremka kwenye kioo, safu kwa safu, gauni la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la ishirini na nne. Nedialka alizitazama mpaka zikasimama, kisha akanikamata mikono yote miwili akanizungusha jikoni mwangu, na mimi nina goti bovu, na tukaangusha mtungi wa siki.

Hakukata kitu siku ile. Aliketi na futi na orodha, na kila gauni alilipima kwanza kwa jicho, ndipo akaitazama namba, na penye kusita akamwita mchezaji aje apimwe upya. Alikuta moja tu imekosewa, na kosa lilikuwa langu niliyemsomea orodha, nimesoma sita kama tisa. "Mashine imesoma," akasema, "lakini na mkono wangu umesoma. Wakae meza moja."

Mavazi yakaisha tarehe tatu. Asubuhi ya sikukuu basi la wachezaji lilisimama mbele ya nyumba ya kusomea, na Rusi, amevaa shati la kanisani, akamwaga ndoo nzima ya maji mbele ya magurudumu ili safari iteleze kama maji, ndiyo desturi yetu, akailoweka na suruali yake. Sisi tulilifuata kwa gari la Rusi mpaka kwenye uwanja wa nyasi juu ya mji wa jirani, ambako vikundi kumi na vinne vilikuwa vimekusanyika na moshi wa kondoo wa kuchoma umeshatanda.

Wachezaji wetu walipopanda jukwaani, nilimsikia Nedialka akiacha kupumua. Zumari ya mfuko wa ngozi ikalia, mstari wa wachezaji ukajivuta, na mavazi thelathini na mawili yakatembea kama yamezaliwa na wenyewe. Vizibao vya warefu vimekaa begani barabara. Na Tinko mbele, anapiga mguu, kizibao chake kimefungwa vifungo vyote, na ile mistari myeusi chini ya makwapa inampa umbo la farasi aliyetandikwa vizuri. Walipoteremka, viongozi wawili wa vikundi vingine walimfuata Tinko kumuuliza mtindo ule wa mistari ni wa kijiji gani.

"Wa kale sana," Tinko akajibu. "Tangu mwezi wa tatu."

Mkataji mmoja wa mji ule, mama mnene anayeitwa Hrisanta, alimtafuta Nedialka katikati ya umati. Alitaka kujua amepimaje watu thelathini na wawili bila kukosea. Nedialka akamwambia kwamba alikosea sana, kisha akaiweka kompyuta juu ya boneti ya gari la Rusi akaifungua. Hrisanta akarudi hatua moja nyuma.

"Mimi mambo hayo siyajui, mwenzangu."

"Soma tu."

Hrisanta akainama. Alisoma kwa sauti, akifuata kwa kidole kama tunavyosoma sote tunapoogopa. "Kifua. Kiuno. Nyonga. Urefu wa mguu... kifua, jumlisha nafasi ya kupumua..." Akasimama, akainua uso. "Ngoja. Hii ninaielewa."

"Bila shaka unaielewa. Weka namba za mtu wako hapa, mbele ya jina."

Hrisanta aliweka namba za mwanawe mwenyewe, kwa kidole kimoja, ulimi nje kidogo pembeni ya mdomo. Upana ukatoka. Akautazama ule upana, akamtafuta mwanawe kwa macho mle uwanjani, akampima kwa jicho kutoka mbali. Akatingisha kichwa kulia na kushoto, kama tunavyokubali kwetu, ndiyo, ndiyo, ndiyo kabisa.

Biliana alikuwa nyuma yetu na fupa la kondoo mkononi, na nikaona anageuka upande kufuta macho, akasingizia moshi.

"Ulisomea wapi haya?" Hrisanta akamuuliza Nedialka. "Plovdiv?"

"Hapana," Nedialka akasema. "Borova. Ghorofa ya chini, karibu na jiko."

Zumari ilikuwa imeanza tena, safari hii kwa ajili ya watu wote, na mstari wa ngoma ulikuwa unazunguka uwanja ukikusanya yeyote aliyesimama. Stanka alikuwa ndani yake tayari, amenyoosha mkono. Nedialka akamkabidhi Rusi kompyuta aishike, akavua koti, akaingia katikati ya Stanka na Hrisanta, na akacheza mzunguko baada ya mzunguko mpaka kiatu kimoja kikamtoka, naye hakukirudia.